Nikifuata Kikosi Namba 26: Tanga, Handeni, Bagamoyo

Jumatatu, Ngamiani

Nimeanzia barabara ya 12, barazani kwa ami, kwa sababu yeye ndiye aliyeniingiza katika safari hii ya kufuata nyayo za Kikosi Namba 26, kikosi cha ndege za kijeshi cha Waingereza. Ami ni Mtanga mwenye asili ya Hadhramaut. Babake alimpeleka Aden, bandari ya Yemen, angali kijana, na kabla hajafika miaka 20 akapata kazi ya udobi Khormaksar, kambi kubwa ya ndege za kijeshi za Waingereza. Alirudi Tanga mwaka 1967, Waingereza walipofungasha virago.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Leo umekuja na daftari, basi si soga tena. Kaa."

Kahawa ikaletwa, na kashata. Ami hanywi kahawa kabla hajanusa kikombe. Akanusa, akanywa, akaanza.

Kwa ambaye hajawahi kuisikia Khormaksar: ilikaa kwenye shingo ya ardhi inayounganisha mlima wa Aden na bara. Mlima wenyewe ni volkano iliyozimika, na mji wa kale wa Crater umejengwa ndani ya tumbo lake. Kwenye shingo ile ardhi ni tambarare, mchanga mtupu, na mashamba ya chumvi hayako mbali. Kiwanja kilianza mwaka 1917, kidogo tu, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Baada ya vile vya Pili kikapanuliwa. Waingereza walipokwisha kuondoka Misri, Aden ikabeba mzigo wote wa kulinda maslahi yao kuanzia Ghuba ya Uajemi mpaka huku kwetu, na kufikia miaka ya 1960 Khormaksar ilikuwa na vikosi vya ndege tisa: jeti za kivita, ndege za doria ya bahari, za mizigo, na helikopta. Vyote vikigombania njia moja ya kurukia, na ndege za abiria nazo zikipita hapo hapo.

Hayo yamo vitabuni. Ya ami hayamo. Anasema nguo za mafundi wa helikopta zilitengwa rundo lake. Zilinuka mafuta ya taa hata baada ya kufuliwa mara mbili, na ukizichanganya na shuka za maofisa, kazi huna. Mifukoni mwao alikuta mchanga. Wa jeti hawakuwa na mchanga mwingi hivyo, kwa sababu jeti hutua kwenye lami. Helikopta hutua popote, na popote pa Aden ni vumbi. Mchanga unakula mapangaboi, chumvi inakula bati. "Wale mafundi hawakulala," anasema. "Mashine inaruka saa moja, wao wanaishika usiku kucha."

Helikopta anazozikumbuka zaidi ni Belvedere, zenye mapangaboi mawili, moja mbele moja nyuma. Miguu ya mbele mirefu, ya nyuma mifupi, kwa hiyo ikiwa chini ilionekana kama mbwa aliyekaa kitako. Ilikuwa na injini mbili za Napier Gazelle, na ilibeba askari 18 na silaha zao, au mzigo wa kama kilo 2,700 ukining'inia tumboni. Ziliundwa 26 tu. Zilikuwa na sifa mbaya ya kuwaka moto wakati wa kuwashwa, maana mitambo ya kuwashia ilitumia kemikali inayolipuka. Ami anasema mafundi walikuwa wakisogea nyuma kwanza, ndipo rubani awashe.

Kisha akasema neno lililonifanya nifunge safari. Kikosi chenye Belvedere hizo kilikuwa Namba 26, na nembo yake ilikuwa kichwa cha swala. Si swala wetu. Ni yule wa Afrika Kusini. "Nikajiuliza, swala wa Makaburu anatafuta nini Uarabuni? Nikamuuliza sajini mmoja. Akaniambia, kikosi chetu kilizaliwa kwa ajili ya vita vya kwenu. Tanganyika."

Sajini hakudanganya. Kikosi Namba 26 kiliundwa Oktoba 1915 kwa wanajeshi wa Afrika Kusini, makusudi kwa vita dhidi ya Wajerumani Afrika Mashariki. Kikashuka Mombasa mwisho wa Januari 1916, kikafuata jeshi la Jenerali Smuts, kamanda wa upande wa Waingereza, kusini, kupitia nchi ambayo sasa ni mkoa wetu wa Tanga. Halafu, Januari 1964, kikosi chenye namba hiyo hiyo na swala yule yule kilirudi Tanganyika kikiwa na helikopta. Mara zote mbili kilikuja na bunduki. Sikuwahi kumsikia mtu wa hapa akizitaja mbili hizo kwa pumzi moja.

Jumanne, Raskazone

Kabla sijaondoka mjini nimepanda bajaji mpaka Raskazone. Kikosi 26 hakikupigana hapa, na hilo ndilo nililotaka kulitazama.

Novemba 1914 Waingereza walileta askari kama 8,000 kutoka India chini ya Jenerali Aitken, wakashushwa kwenye ncha hii ya ardhi. Wajerumani na askari wao wa Kiafrika walikuwa kama 1,000, chini ya Lettow-Vorbeck. Aitken akashindwa vibaya, akarudi melini akiacha bunduki na risasi nyingi ufukweni. Watanga wote tunajua habari ya nyuki waliovamia askari katikati ya mapambano, na tunapenda kuikuza. Nyuki walikuwepo kweli. Ila kilichomshinda Aitken ni reli. Lettow alipakia watu wake kwenye treni kutoka Moshi, treni baada ya treni, na Aitken hakuwa na habari, kwa sababu alikataa kupeleleza na hakuwa na jicho angani. Ndege moja tu, ya mbao na kitambaa, ingeuona moshi wa treni kuanzia Korogwe.

Waingereza walilipata somo hilo kwa gharama. Mwaka uliofuata walizamisha akili zao kwenye delta ya Rufiji, ambako manowari ya Wajerumani Königsberg ilikuwa imejificha, na ndege zilizoruka kutoka kisiwa cha Mafia ndizo zilizowaelekeza wapiga mizinga mpaka ikamalizwa Julai 11, 1915. Baada ya hapo hakuna kamanda wa Kiingereza aliyetaka kwenda vitani Afrika Mashariki bila ndege. Kikosi 26 kikaundwa miezi mitatu baadaye.

Mchana nimepita makumbusho ya Urithi, kwenye boma la zamani. Picha za reli nzuri sana. Za ndege sikuona.

Jumatano, Tanga – Korogwe – Handeni

Basi la saa kumi na mbili asubuhi, linaondoka saa moja kasoro. Muheza wameweka machungwa madirishani kabla dereva hajakanyaga breki vizuri. Segera nimeshuka, nikasubiri Noah ya kwenda Korogwe pamoja na mama mmoja mwenye ndoo mbili za maparachichi na maoni makali juu ya nauli.

Korogwe nimesimama darajani kidogo kutazama mto Pangani. Mto huu ndio uliokuwa barabara ya vita. Smuts aliondoka upande wa Kilimanjaro mwezi Mei 1916, akashuka nao: Mombo Juni 9, Korogwe Juni 15, Handeni siku chache baadaye. Tanga mjini yenyewe ilichukuliwa Julai 7, karibu bila mapigano, maana waliokuwa wakiilinda walikwisha kuondoka.

Sasa fikiria kuendesha kambi ya ndege inayohama. Ndege za Kikosi 26 zilikuwa BE2c, mabawa mawili juu na chini, viti viwili, injini ya nguvu farasi 90. Kituo cha kwanza kilikuwa Mbuyuni, ng'ambo ya Taveta. Jeshi likisogea, kiwanja nacho kinasogea: Kahe, kisha chini ya mto, kisha huku Handeni, na baadaye Morogoro. Kila mahali pafyekwe, visiki ving'olewe, vichuguu visawazishwe. Kila debe la petroli lije kwa gari bovu, kwa mkokoteni wa ng'ombe wanaokufa kwa mbung'o, au kichwani mwa mpagazi. Kwenye kumbukumbu za vita hivi marubani wana majina na vyeo. Wapagazi wana idadi, nayo ni ya kukadiria.

Niliposhuka Handeni nimetafuta kwanza pa kulala, kisha nimeketi kwa mama lishe: ugali, maharage, mchicha, kipande cha samaki wa kukaanga. Mezani kulikuwa na mzee wa Kizigua, mfugaji, aliyeniuliza natafuta ardhi au mke. Nikamwambia natafuta viwanja vya zamani vya ndege.

"Vya Mwingereza?"

"Vya mwaka 1916, babu."

Akacheka mpaka akakohoa. "Mjukuu wangu, kwenye pori hili shamba ukiliacha misimu mitatu hulijui tena. Wewe unatafuta la miaka mia?"

Amesema kweli, na jioni nimekwenda mwenyewe nje ya mji kuliona hilo pori. Migunga, miiba, nyasi za kufika kifuani. Simama mita 20 kutoka njiani, aliye njiani hakuoni. Na hii ndiyo iliyokuwa taabu ya Kikosi 26. Kutoka juu rubani aliona bahari ya majani mabichi na hakuona chochote chini yake. Askari wa Lettow walijifunza upesi: wakisikia mngurumo, wote chini ya mti, moto uzimwe. Ndege ikipita, safari inaendelea. Mabomu yaliangushwa kwenye kichaka ambacho pengine kilikuwa na watu, pengine nyani.

Juu ya hapo kulikuwa na hali ya hewa. Mbao za ndege zilipinda kwa jua na unyevu, kitambaa kikalegea, gundi ikaachia. Malaria ikalaza marubani na mafundi. Askari wa Smuts wenyewe walikwama kusini ya Handeni, kwenye kambi ya mto Msiha, wiki kwa wiki, wakipigwa na mizinga iliyong'olewa kwenye ile Königsberg ya Rufiji. Meli imezama, mizinga yake imepanda mlimani. Lettow alikuwa mtu hatari, lakini wa kubuni, huwezi kumnyima.

Kwa maoni yangu Kikosi 26 hakikubadilisha vita hivi. Kilichora ramani, kilipeleka barua, kiliwatia moyo waliokuwa chini. Mwanzoni mwa 1918 kikarudi Uingereza, na katikati ya mwaka huo kikavunjwa.

Alhamisi, njiani

Handeni, Mkata, Msata, Bagamoyo. Joto. Mbele yangu kuku wawili wamefungwa miguu chini ya kiti wamelala safari nzima, jambo ambalo mimi sikuliweza. Mto Wami tumevuka kwenye daraja jipya. Abiria wote, hata wasiojuana, wakakumbushana lile la zamani lililopitisha gari moja moja. Kutoka Msata barabara ni nzuri, na kwenye mabondeni ya Ruvu upepo wa bahari ukaanza kuingia dirishani.

Ijumaa, Bagamoyo

Asubuhi ufukweni, mnadani kwa samaki. Bagamoyo nayo ilitekwa mwaka ule ule, Agosti 15, 1916, na mabaharia na askari wa majini wa Kiingereza walioshuka kwa mashua huku manowari zikipiga mji. Wakakamata na mzinga mmoja wa Königsberg. Pitia Boma la Wajerumani, tazama unene wa kuta zake, halafu jiulize kwa nini halikuwafaa: mizinga ya meli iko mbali kuliko macho, na ukuta hausaidii kitu usichokiona.

Baada ya sala ya Ijumaa nimeletwa kwa mzee mmoja, mvuvi mstaafu, ambaye utotoni aliishi Kunduchi. Anashona jarife. Sindano ya mbao inapita, fundo, kidole gumba kinapima tundu, fundo. Hakuinua macho karibu muda wote tulioongea.

"Ilikuwa Ramadhani, kumi la kwanza," ameniambia. "Kaskazi inavuma. Tumekwisha kula daku. Tukasikia mizinga baharini. Babangu akasema, hakuna kutoka leo. Halafu ndiyo zikaja zile ndege zisizo na mabawa. Hatukuwahi kuziona. Mama akatuingiza ndani, mimi nikachungulia."

Tarehe yake ni Jumamosi, Januari 25, 1964. Siku tano nyuma, usiku wa kuamkia Januari 20, askari wa batalioni ya kwanza ya Tanganyika Rifles kwenye kambi ya Colito, nje ya Dar es Salaam, waliasi. Walitaka mishahara ipande na maofisa wa Kiingereza waondolewe. Ilikuwa wiki moja tu tangu Mapinduzi ya Zanzibar. Wakashika uwanja wa ndege, redio na njia kuu. Mwalimu Nyerere akafichwa. Oscar Kambona, waziri wa ulinzi, akaenda kuzungumza nao. Batalioni ya pili, Tabora, ikafuata. Tarehe 24 Mwalimu akaandika kuomba msaada wa Uingereza, barua ambayo kwa mtu wa uhuru wa miaka miwili lazima ilimchoma.

Na sasa tunarudi kwa ami. Msaada huo ulitoka Aden. Manowari ya kubebea ndege HMS Centaur ilikuwa huko, na mwanzo wa mwezi helikopta zake pamoja na Belvedere za Khormaksar zilikuwa zikisomba askari kwenye milima ya Radfan dhidi ya makabila yaliyokuwa yakipinga utawala. Centaur ikapakia makomandoo 600 wa Kikosi cha 45, ambao kambi yao ilikuwa Little Aden, ng'ambo ya ghuba, ikapakia magari ya deraya, ikapakia Belvedere mbili za Kikosi 26 pamoja na mafundi wake. Ikashuka kusini. Ami anakumbuka juma lile rundo la nguo za mafundi wa helikopta lilipungua ghafla, wala hawakuambiwa wameenda wapi.

Hapa ndipo nilipoelewa kambi ya helikopta ni kitu cha namna gani. Ndege ya kawaida inaihitaji Khormaksar, inahitaji kilomita za lami mwanzo wa safari na mwisho wake. Waasi wangeweka mapipa kwenye njia ya kurukia ya Dar es Salaam, biashara ingeishia hapo. Helikopta inahitaji mafuta, fundi na pa kuwekea miguu. Kwa hiyo Khormaksar ilimegwa kipande, kikawekwa juu ya sitaha, kikavuka bahari, na alfajiri ile kambi ya helikopta ilikuwa majini mbele ya Dar es Salaam. Manowari nyingine, HMS Cambrian, ikapiga mizinga upande mwingine kuwashughulisha waasi masikio. Helikopta za Wessex za Centaur zikashusha kundi la kwanza la makomandoo kwenye uwanja wa michezo, ubavuni mwa kambi. Pamoja nao alikuwepo Brigedia Sholto Douglas, kamanda aliyefukuzwa na askari wake mwenyewe siku chache nyuma. Akawataka kwa kipaza sauti wasalimu amri. Hawakujibu, au walijibu kwa risasi. Roketi ikapigwa kwenye nyumba ya walinzi. Askari watatu wakafa, wengine wengi wakatoka mikono juu, wengine wakakimbilia porini na mashambani.

"Mmoja alipita nyuma ya nyumba yetu," amesema mvuvi. "Hana viatu. Mama akampa maji."

"Katika Ramadhani, baba?"

"Alikuwa anatetemeka. Ungemuuliza kama amefunga?"

Nimempigia ami jioni kumsomea niliyoandika. Akanikatiza kwenye wale watatu. Kumbe miaka yote hakujua kuna waliokufa. Pale Khormaksar mafundi waliporudi walisema kazi ilikuwa rahisi, kama kwenda sokoni, na nguo zao zilirudi safi kuliko za Radfan.

Jumamosi, Bagamoyo – Dar es Salaam

Daladala inapita Bunju, Tegeta, inaingia Lugalo. Hii ndiyo Colito ya zamani. Waingereza waliita hivyo kwa vita vya Ethiopia vya 1941 walikopigana askari wa KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki. Sasa ina jina la mahali Wahehe walipoisambaratisha safu ya Zelewski, kamanda wa Wajerumani, mwaka 1891. Kushuka na kupiga picha ni kujitafutia kesi, kwa hiyo nimeangalia dirishani kama abiria wengine wote. Uzio, miti, mlinzi getini. Konda anadai nauli.

Mafundi wa Belvedere hawakukaa sana baada ya hapo. Kikosi 26 kilivunjwa Aden mwisho wa Novemba 1965, Waingereza wenyewe wakaondoka Novemba 1967, na Khormaksar leo ni uwanja wa ndege wa kimataifa wa Aden, uliopigwa mabomu kwenye vita vya miaka ya karibuni. Belvedere tatu zimebaki, zote kwenye makumbusho Uingereza.

Huku kwetu, askari walioasi walivuliwa sare, Wanigeria wakaja kushika ulinzi kwa muda, na Septemba 1, 1964 ikaundwa JWTZ. Mwalimu hakutaka tena kulazimika kuomba ndege za mtu. Wajerumani wa Magharibi waliokuwa waanze kutufundishia marubani waliondoka 1965 kwa ugomvi juu ya ubalozi wa Ujerumani Mashariki Zanzibar; Wakanada wakachukua nafasi yao na ndege za Otter na Caribou; kisha Wachina wakaleta jeti, na kituo cha Ngerengere kikajengwa, upande ule ule wa Morogoro ambako Kikosi 26 kilikuwa kikifyeka vichaka mwaka 1916. Huko sitaenda, si mahali pa mtu mwenye daftari. Kesho napanda basi la Tanga.